Bwawa la Nyumbani Wakati wa Kipupwe: Maneno ya Kumweleza Mfugaji wa Samaki toka Lituhi hadi Umatengo

Utangulizi

Miongoni mwa maandishi ambayo mfasiri hupewa mara kwa mara, na ambayo kwa nje huonekana mepesi, ni vijitabu vya maarifa ya nyumbani: namna ya kufuga kuku, kuhifadhi nafaka, kutunza kisima, kuchimba bwawa la samaki. Maandishi haya hayana nadharia nzito, kwa hiyo hudhaniwa kuwa yaweza kufasiriwa na mtu yeyote mwenye kamusi mbili mezani. Katika makala haya tumekusudia kuonyesha kuwa sivyo. Tumechagua jambo moja dogo, nalo ni kulinda bwawa dogo la samaki wakati wa baridi. Tumechagua na mahali pamoja, yaani Lituhi na nchi inayopanda kutoka ufukoni mwa Ziwa Nyasa hadi milima ya Umatengo, mkoani Ruvuma.

Mahali hapo pana sababu ya kuchaguliwa. Lituhi iko ufukoni, karibu na mahali Mto Ruhuhu unapoingia ziwani. Uso wa ziwa uko kiasi cha mita 475 juu ya usawa wa bahari. Mtu akiondoka hapo na kupanda kuelekea Mbinga na Litembo, hufika katika milima ambayo baadhi ya sehemu zake hukaribia mita 2,000. Ikumbukwe kuwa hewa hupoa kwa kadiri ya nyuzi 6 za Sentigredi katika kila mita 1,000 za kupanda. Kwa hiyo wafugaji wawili ambao hadi mwaka 2012 walikuwa wakaazi wa wilaya moja ya Mbinga, kabla Wilaya ya Nyasa haijatengwa, huweza kusoma kijitabu kimoja, katika mwezi mmoja, huku maji ya bwawa la mmoja yakiwa vuguvugu na ya mwenziwe yakiwa baridi ya kutia ganzi vidole.

Mkoa wa Ruvuma umekuwa miongoni mwa mikoa ya Tanzania yenye mabwawa mengi ya samaki. Mengi ya mabwawa hayo ni madogo, yamechimbwa kwa jembe na sepeto katika mabonde yenye vijito, na ni mali ya kaya moja moja. Samaki wa humo ni kitoweo, na pengine ni ada ya shule na sabuni. Samaki hao wakifa mwezi wa Julai, kaya imepoteza kazi ya miezi sita. Iwapo kifo hicho kimetokana na neno moja lililofasiriwa vibaya, hatuna budi sisi tunaoshughulika na maneno kuona kuwa jambo hili linatuhusu.

Bwawa, dimbwi, kidimbwi na lambo

Tuanze na chombo chenyewe. Kiswahili kina maneno mengi ya maji yaliyotuama, na kila moja lina mipaka yake. Dimbwi ni maji yaliyokusanyika baada ya mvua, aghalabu bila ya mtu kuyakusudia. Hukauka, na mara nyingi hutajwa kwa kulaumiwa kwa sababu ya mbu. Lambo ni maji yaliyozuiwa kwa ajili ya mifugo au kilimo. Bwawa ni neno pana: huweza kuwa eneo kubwa la maji yaliyotuama, huweza kuwa maji yaliyozuiwa kwa ukuta ili kuzalisha umeme, na huweza kuwa shimo la mita kumi kwa kumi lenye samaki.

Matumizi pia hutofautiana baina ya nchi. Nchini Kenya mtu huogelea katika kidimbwi cha kuogelea na hufuga katika kidimbwi cha samaki. Nchini Tanzania huogelea katika bwawa la kuogelea na hufuga katika bwawa la samaki. Msomaji wa Tanzania akiambiwa afuge samaki katika kidimbwi hufikiri kuwa anatakiwa kutumia maji ya mvua yaliyotuama njiani. Msomaji wa Kenya akiambiwa achimbe bwawa huweza kudhani kuwa ni kazi ya serikali na matingatinga. Hatuoni sababu ya kufuta matumizi ya upande wowote. Tunaloshauri ni kwamba mfasiri akumbuke anamwandikia nani, na kwamba katika maandishi ya Tanzania istilahi iwe bwawa la samaki.

Neno linalotatiza zaidi ni lile la kusema kuwa bwawa hilo ni la nyumbani. Vijitabu vingi vya nchi za baridi huzungumzia bwawa lililo nyuma ya nyumba, ndani ya bustani, ambamo samaki wa rangi hufugwa kwa kutazamwa. Wafasiri wengine husema bwawa la uani. Ua kwa Mswahili ni mahali palipozungushiwa, penye jiko, kuku na nguo za kuanikwa; na katika nchi ya Mbinga bwawa haliko uani bali liko bondeni, kwenye maji, hatua nyingi kutoka mlangoni. Tofauti hii si ya maneno matupu. Usiku hewa baridi huwa nzito kuliko hewa ya moto, nayo hutelemka kutoka vilimani na kulala mabondeni. Bwawa la bondeni hupata baridi ya alfajiri kuliko nyumba iliyo juu ya mteremko. Mfugaji akipima baridi kwa kusimama mlangoni kwake atadanganyika. Kwa sababu hiyo tunapendekeza bwawa la kaya pale inapotakiwa kueleza umiliki na ukubwa, na bwawa la bustani pale tu ambapo bwawa limo bustanini kwa kweli.

Kipupwe, kiangazi na majira ya baridi

Hapa ndipo penye hatari kubwa. Mfasiri akikuta neno la majira ya baridi katika lugha za Ulaya huwa na njia tatu: kulifasiri kwa kipupwe, kwa majira ya baridi, au kulipita kwa kusema kiangazi.

Kipupwe ni neno la pwani, nalo ni wakati wa baridi wa miezi ya Juni hadi Agosti, ambapo upepo wa kusi huvuma. Ni neno zuri na lina mahali pake katika mpango wa majira ya pwani pamoja na masika, vuli, demani na kiangazi. Lakini mpango huo ulizaliwa Unguja, Mombasa, Tanga na Kilwa, ambako mvua, pepo na safari za majahazi ziliugawa mwaka. Ruvuma haina masika na vuli mbalimbali. Mvua yake huwa ya msimu mmoja, ambao kwa kawaida huanza mnamo Novemba au Desemba na kwisha Aprili au mwanzoni mwa Mei. Kwa hiyo wakulima wengi wa huko hugawa mwaka mara mbili: masika, yaani miezi ya mvua, na kiangazi, yaani miezi isiyo na mvua.

Sasa tuchukue sentensi moja ya kijitabu: “Wakati wa kiangazi samaki hula sana, kwa hiyo ongeza chakula.” Kwa mwandishi wa Dar es Salaam kiangazi ni wakati wa jua kali, hasa Januari na Februari, na sentensi yake ni sahihi. Kwa msomaji wa Umatengo kiangazi kinaanza Mei, na moyo wa kiangazi hicho ni Juni na Julai, miezi ya baridi kuliko yote. Msomaji huyo mtiifu ataongeza pumba na mashudu katika maji baridi, wakati samaki hawali. Chakula kitazama, kitaoza na kuharibu maji. Mwandishi hakukosea, na msomaji hakukosea. Neno moja limekuwa na maana mbili, wala hapakuwa na mtu wa kuliangalia katikati.

Njia ya pili, majira ya baridi, ni salama zaidi kwa kuwa inajieleza. Lakini nayo ina mtego wake. Ikiwa matini ya asili inasema majira ya baridi yaanzia Desemba hadi Februari, na mfasiri akaiacha miezi hiyo kama ilivyo, atakuwa amemwambia mtu wa Mbinga ajilinde na baridi wakati wa mvua na joto. Kusini ya Ikweta mambo hugeuka. Kwa hiyo tunashauri hivi: katika maandishi ya maarifa ya kazi, neno la majira lisiachwe peke yake. Liandikwe pamoja na miezi, na miezi hiyo iwe ya mahali pa msomaji: “wakati wa kipupwe (Juni hadi Agosti)”, “kiangazi cha baridi (Mei hadi Agosti)”, “kiangazi cha joto (Septemba hadi Novemba)”. Migawanyo hii miwili ya mwisho tunaipendekeza mahususi kwa nyanda za kusini, kwa kuwa inahifadhi neno ambalo wananchi wanalo tayari na inaondoa utata wake.

Miezi haisimami peke yake. Pande za dunia nazo hugeuka. Vijitabu vya Ulaya humshauri mwenye bwawa kuacha wazi upande wa kusini ili jua la baridi lifike majini. Lituhi iko kati ya latitudo 10 na 11 kusini ya Ikweta, na mwezi wa Juni jua la adhuhuri huwa upande wa kaskazini. Mti uliopandwa kaskazini ya bwawa ndio unaolinyima joto katika miezi ambayo joto lahitajika zaidi. Kwa upande mwingine, upepo wa baridi wa miezi hiyo hutoka kusini mashariki, upepo ambao pwani huitwa kusi na ambao kwa jirani zetu wa Malawi huitwa mwera. Basi kizuia-upepo, kama vile ua wa matete au migomba, kiwekwe upande huo, na upande wa kaskazini uachwe wazi. Mfasiri anayehamisha maneno bila ya kuhamisha jua atamfanya mfugaji azibe kinachotakiwa kufunguliwa na afungue kinachotakiwa kuzibwa.

Kuganda, barafu, theluji na sakitu

Sehemu kubwa ya vijitabu vya nchi za baridi huhusu barafu. Katika nchi hizo uso wa bwawa huganda, na mwenye bwawa hushauriwa kuhakikisha kuwa pana tundu katika barafu hiyo ili hewa chafu itoke na safi iingie. Huambiwa asiivunje barafu kwa nyundo, kwa kuwa kishindo huwaumiza samaki, bali aweke chombo chenye maji ya moto juu yake hadi tundu lipatikane. Huambiwa pia asiyavuruge maji ya chini.

Sababu ya onyo hili la mwisho yafaa ielezwe, maana mfasiri asiyeijua hawezi kulifasiri vyema. Maji huwa mazito kuliko hali zake zote yanapofikia nyuzi 4 za Sentigredi. Yakipoa zaidi ya hapo huwa mepesi, na yakiganda huwa mepesi zaidi. Ndiyo maana barafu huelea. Kwa hiyo katika bwawa lililoganda juu, maji ya chini huwa na nyuzi 4 hivi, nayo ndiyo kimbilio la samaki.

Kiswahili kina maneno ya kutosha kwa mambo haya, ila hutumiwa kwa kuchanganywa. Kuganda ni kwa kila kimiminika kinachokuwa kigumu au kizito: maji, maziwa, damu, mafuta. Barafu ni maji yaliyoganda. Theluji ni ile inayoanguka kutoka angani kama unga au pamba, na inayolala kileleni mwa Kilimanjaro. Sakitu, ambayo pia huitwa jalidi, ni umande ulioganda juu ya majani usiku wa baridi kali. Mkulima wa Njombe au Makete aijua sakitu vizuri kwa kuwa huunguza mazao yake, hata kama hutumia neno jingine. Umande na ukungu ni maji matupu yasiyoganda. Tunaona ni kosa kusema “bwawa limeshikwa na theluji” pale inapokusudiwa kuwa uso wake umeganda.

Swali ni kama mfasiri anayemwandikia mtu wa Mbinga afasiri sura nzima ya barafu. Jawabu letu ni hapana. Mabwawa ya Umatengo hayagandi. Mfugaji akisoma kurasa tatu za barafu ataamua kuwa kitabu chote hakimhusu, na atakosa kurasa mbili zinazomhusu. Hata hivyo sura hiyo ina wasomaji wake. Wako Waswahili wengi wanaoishi Sweden, Uingereza, Kanada na Marekani, ambao huwa na bustani na pengine bwawa ndani yake. Kwao barafu ndiyo habari yenyewe. Mfasiri hana budi kuuliza kwanza kazi yake inakwenda wapi.

Joto, baridi na nyuzi

Katika mazungumzo ya kila siku joto na baridi ni vitu viwili vinavyopingana. Katika sayansi ni kipimo kimoja. Ndiyo sababu sentensi kama “joto la maji likiwa baridi” huchekesha wasomaji na kuwapotosha wanafunzi. Yamependekezwa maneno halijoto na jotoridi kwa ajili ya kipimo hicho, na yote mawili yamekwisha kuingia vitabuni. Halijoto ni wazi zaidi kwa msikilizaji wa mara ya kwanza, kwa kuwa hali na joto anazijua. Katika kijitabu cha mfugaji tunapendekeza halijoto, na mara ya kwanza lifuatwe na maelezo: “halijoto ya maji, yaani kiasi cha joto au baridi yake”.

Kipimo nacho kina maneno mawili, digrii na nyuzi. Yote yanafaa, mradi kitabu kimoja kisitumie mawili. Tutumie nyuzi hapa ili kutoa takwimu ambazo kila mfasiri wa habari hizi apaswa kuzijua. Samaki wa jamii ya perege hustawi katika maji ya nyuzi 25 hadi 30 hivi. Chini ya nyuzi 20 hula kidogo na huacha kuzaana. Yakishuka kuelekea nyuzi 16 karibu huacha kula kabisa. Na yakikaa siku kadhaa karibu na nyuzi 10 wengi hufa. Kwa kulinganisha, trauti ni samaki wa maji baridi, naye huteseka katika maji yampendezayo perege. Kwa hiyo neno samaki peke yake halitoshi katika shauri lolote la halijoto. Jina la samaki lazima litajwe.

Na katika kutaja, tuwe waangalifu. Perege hutumika mara kwa jamii nzima na mara kwa aina moja. Sato ni jina linalofahamika zaidi kwa yule ambaye asili yake ni Mto Nile, na ambaye aliingizwa katika Ziwa Viktoria katika miaka ya 1950. Ziwa Nyasa lina aina nyingi za samaki kuliko ziwa lingine lolote duniani, na nyingi kati yake hazipatikani penginepo. Kijitabu kinachomwambia mtu wa Lituhi “nunua vifaranga vya perege popote” chaweza kumfanya alete samaki mgeni katika bonde la Ruhuhu, ambako mafuriko ya masika huweza kumtoa bwawani na kumfikisha ziwani. Heri kuandika: “vifaranga vya aina aliyoielekeza Bwana Samaki”.

Kuzizima si kudumaa

Samaki wa bwawani maji yapoapo hupunguza mwendo, hukaa chini, hawagombei chakula, na vidonda vyao hupona polepole. Hali hii ihitaji jina. Wafasiri wengine huandika samaki hulala. Neno hili ni la hatari, kwa kuwa mfugaji ambaye ameambiwa samaki wake wamelala hatashtuka wakifa. Wengine huandika samaki hudumaa. Hilo ni kosa la maana, kwa sababu kudumaa ni kutokukua, kama mtoto anavyodumaa kwa kukosa chakula, na dawa ya kudumaa ni kulisha. Mfugaji akisoma kuwa samaki wake wamedumaa kwa baridi ataongeza chakula, nacho ndicho kisichotakiwa.

Tunapendekeza kuzizima. Kiswahili chasema maji yamezizima, yaani yamekuwa baridi sana. Na chasema pia mahali pamezizima, yaani pamekuwa kimya bila ya sauti wala mtikisiko. Ubaridi na utulivu vimo katika neno moja, na mtu wa kijijini halihitaji kamusi. Samaki waliozizima ni hai, ni baridi, nao wametulia. Kutokana nalo twaweza kupata mzizimo kwa jina la hali hiyo. Na shauri lake laweza kuandikwa kwa ufupi: samaki waliozizima hawalishwi; wanaoanza kuzizima hulishwa kidogo, saa saba hadi saa tisa mchana, maji yakiwa yamepata jua.

Hewa, matabaka na mpinduko wa maji

Mara nyingi mfugaji husema samaki wamekufa kwa baridi, kumbe wamekufa kwa kukosa oksijeni siku ya baridi. Vijitabu vingi huandika hewa mahali pa oksijeni. Katika mazungumzo hili halina dhara, lakini katika maelezo huleta swali la haki: samaki anakosaje hewa ilhali upepo unavuma juu yake? Oksijeni imekwisha kuwa neno la shule za msingi, itumike. Panapohitajika, isemwe “oksijeni iliyoyeyuka majini”.

Bwawa lililotulia hujipanga kwa matabaka. Mchana jua hupasha maji ya juu, nayo huwa mepesi na kubaki juu. Maji ya chini hubaki baridi, na kwa kuwa mabaki ya samadi na chakula huoza huko, oksijeni yake hupungua. Usiku wa baridi na upepo maji ya juu hupoa, huwa mazito, na huzama. Ya chini huinuka. Hapo bwawa zima huchanganyika kwa ghafula na maji mabaya huenea kote. Alfajiri samaki huonekana wakitweta midomo juu ya maji. Jambo hili tunapendekeza liitwe mpinduko wa maji, na dalili yake iitwe kutweta, si kucheza, maana wako wanaodhani kuwa samaki wanafurahi.

Mwalimu wa Lituhi ana mfano mkubwa mbele ya mlango wake. Ziwa Nyasa, lenye kina cha kiasi cha mita 700, nalo lina matabaka. Chini ya mita 250 hivi hakuna oksijeni. Upepo wa kusi hupoza maji ya juu na kuyachanganya katika miezi ya kipupwe, lakini ziwa halipinduki lote hadi chini. Mwanafunzi aliyeona mawimbi ya Julai amekwisha kuona nusu ya somo.

Kutokana na maelezo haya hufuata mashauri yenyewe, ambayo sasa twaweza kuyaandika bila ya utata. Bwawa liwe na kina cha kutosha, zaidi ya mita moja mahali penye kina kirefu, kwani maji mengi hupoa polepole kuliko maji machache. Samadi ipunguzwe kabla ya Juni. Maji ya kijito yasiachwe kupita usiku kucha, kwa kuwa maji ya mlimani hupoza bwawa. Yaingizwe mchana, kwa kadiri ya yaliyopungua. Panapotakiwa kupunguza maji, yatolewe ya chini kwa bomba, si ya juu yaliyopata joto. Samaki waliokwisha kukua wavuliwe Mei. Na samaki wakionekana wakitweta alfajiri, ulishaji usimame na maji mapya yaingizwe mara moja, yakimwagika kutoka juu ili yachukue oksijeni, kwa kuwa wakati huo kukosa oksijeni ni hatari kubwa kuliko baridi.

Orodha ya maneno yanayopendekezwa

Bwawa la kaya: bwawa dogo la samaki linalomilikiwa na kutunzwa na watu wa nyumba moja.

Kiangazi cha baridi: sehemu ya kiangazi yenye baridi katika nyanda za kusini, Mei hadi Agosti.

Kiangazi cha joto: sehemu ya kiangazi inayotangulia mvua, Septemba hadi Novemba.

Halijoto: kiasi cha joto au baridi ya kitu, hupimwa kwa nyuzi.

Sakitu: umande ulioganda.

Kuzizima, mzizimo: kutulia kwa samaki kutokana na baridi, akiwa hai.

Matabaka ya maji: mipango ya maji ya juu na ya chini yanayotofautiana kwa halijoto.

Mpinduko wa maji: kuchanganyika kwa ghafula kwa matabaka hayo.

Kutweta: kuhema kwa samaki juu ya maji kwa kukosa oksijeni.

Kizuia-upepo: ua wa mimea au matete wa kupunguza nguvu ya upepo.

Hitimisho

Orodha hii ni fupi, nasi hatudai kuwa imekamilika. Wakaazi wa Lituhi na Mbinga husema Kimanda, Kimpoto, Kinyasa na Kimatengo pamoja na Kiswahili, na watu waliobuni ngoro, yaani mashimo ya kilimo yanayozuia maji na udongo katika miteremko mikali, hawawezi kukosa maneno ya maji, baridi na mteremko ambayo Kiswahili kingenufaika nayo. Neno ngoro lenyewe limekwisha kuingia katika maandishi ya kilimo bila ya kufasiriwa, na hakuna aliyelalamika.

Kwa hiyo tunawaomba walimu, mabwana samaki na mabibi samaki, wafasiri na watumishi wote walio katika maeneo hayo wakusanye maneno yanayotumika huko kwa kipupwe, kwa sakitu, kwa maji yaliyopinduka na kwa samaki aliyezizima, na watuletee pamoja na maana zake na sentensi ya mfano. Kila neno liandikwe pamoja na mahali liliposikiwa. Kabla kijitabu kingine hakijapigwa chapa, tunashauri pia kisomwe kwa sauti mbele ya wafugaji watatu, mmoja wa ufukoni, mmoja wa bondeni na mmoja wa mlimani, kisha kila mmoja aulizwe: “Umeambiwa ufanye nini, na mwezi gani?” Majibu yao yakitofautiana na yaliyokusudiwa, kijitabu kirudi mezani kwa mfasiri.